SOMO LA WIKI: Ukimkopesha mkandarasi wa Serikali, omba pia daftari lake la ajali

Wauzaji wengi wa vifaa vya ujenzi wana mtihani mmoja tu wanaompa mkandarasi anayekuja kuomba mzigo kwa mkopo. Wanamuuliza, mkataba uko wapi? Akitoa barua ya kushinda zabuni yenye mhuri wa halmashauri, wakala wa barabara au mamlaka ya maji, nondo zinapakiwa. Hoja yao ni kwamba Serikali inaweza kuchelewa, lakini haifungi duka ikakimbia mji.

Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Ndugu msomaji, anayekudai wewe stakabadhi na atakayekulipa si Serikali, ni mkandarasi. Naye halipwi kwa sababu amemwaga zege. Analipwa kwa sababu mhandisi mshauri ametia saini hati ya malipo, na mhandisi hatii saini mpaka karatasi fulani ziwe mezani kwake. Baadhi ya karatasi hizo kila mfanyabiashara anazijua: vipimo vya kazi, matokeo ya maabara, dhamana ya benki. Kuna moja ambayo wengi hawaiulizi hata siku moja, nayo ni rekodi ya ajali pamoja na mpango wa kuzizuia. Somo la wiki hii linahusu karatasi hiyo na njia inayopita hadi kufika kwenye droo yako ya fedha.

MKATABA UNASEMA NINI

Kazi nyingi kubwa za Serikali katika Afrika Mashariki, hasa barabara na maji zinazogharimiwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, hufungwa kwa masharti yaliyotungwa na FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Kitabu chao chekundu cha mwaka 1999 ndicho kilichozoeleka, na toleo jipya lilitoka mwaka 2017. Wakandarasi wanakijua kitabu hiki kwa sababu ya vifungu vya bei na muda. Vifungu vya usalama huwa wanavipitisha kama mtu anavyopitisha matangazo ya vifo gazetini.

Kifungu cha 6.7 cha toleo la 1999 kinamtaka mkandarasi ateue ofisa wa kuzuia ajali kwenye eneo la kazi. Ofisa huyo lazima awe na sifa za kazi hiyo na awe na mamlaka ya kutoa amri. Maana yake ni kwamba akisema kazi isimame, inasimama, hata kama foremani amekunja uso. Kifungu hicho hicho kinamtaka mkandarasi ampelekee mhandisi maelezo ya kila ajali haraka iwezekanavyo, atunze kumbukumbu na atoe taarifa kadiri mhandisi atakavyohitaji. Toleo la 2017 limekaza zaidi: kitabu cha usalama kilichoandikwa mahsusi kwa kazi ile kiwasilishwe ndani ya siku 21 tangu tarehe ya kuanza, na kabla ya ujenzi wowote kuanza kwenye eneo.

Sasa sikiliza kifungu kinachokuhusu wewe mwenye duka. Kifungu cha 4.21 kinaagiza ripoti ya maendeleo ya kazi kila mwezi, iwasilishwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ndani yake ziwemo takwimu za usalama pamoja na maelezo ya matukio ya hatari. Kisha kifungu cha 14.3 kinasema kwamba mkandarasi anapopeleka madai ya malipo ya mwezi, ni lazima ayaambatanishe na vielelezo, na ripoti hiyo ya mwezi imetajwa wazi kuwa ni mojawapo. Unganisha vifungu hivyo viwili. Ripoti isiyo na takwimu za usalama ni ripoti pungufu, na madai yenye ripoti pungufu ni madai ambayo mhandisi ana haki ya kuyarudisha.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana bila hesabu somo la biashara ni porojo. Tuseme umetoa nondo na saruji za Sh. 48,000,000/= tarehe 10 Mei kwa mkopo wa siku 60. Deni linaiva tarehe 9 Julai. Mkandarasi anapeleka madai yake ya Mei kwa mhandisi tarehe 5 Juni yakiwa kamili. Kwa masharti ya 1999, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati, yaani hadi tarehe 3 Julai, na mwajiri ana siku 56 za kulipa, zikihesabiwa tangu mhandisi alipopokea madai pamoja na vielelezo. Hiyo ni tarehe 31 Julai. Tazama vizuri: hata mambo yakienda sawa na Serikali ikalipa siku ya mwisho kabisa, mkopo wako wa siku 60 tayari ni mfupi kuliko saa ya mkataba kwa siku 22. Wengi hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu hii.

Tuendelee. Tarehe 20 Mei kibarua alianguka kwenye jukwaa la mirunda, akavunjika mkono. Mhandisi ana habari, maana msimamizi wake alikuwepo. Ripoti ya mwezi inakuja na ukurasa wa usalama mtupu. Anarudisha makabrasha. Mkandarasi anahangaika kutafuta jina la kibarua, hospitali alikotibiwa, nani alifunga jukwaa lile na nani alilikagua. Anarudisha madai kamili tarehe 26 Juni. Siku 56 zinaanza upya, mwisho wake ni tarehe 21 Agosti. Kama mzigo wako uliununua kwa mkopo wa benki wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kila siku ya kungoja inakugharimu Sh. 23,671/=. Siku 21 za ukurasa mtupu zinafika karibu Sh. 497,000/=. Ukihesabu tangu deni lako lilipoiva, ni siku 43, zaidi ya shilingi milioni moja.

Si kila mhandisi ni mkali hivyo. Wapo wanaofumbia macho mwezi mmoja au miwili, na wapo waajiri wenye masharti maalumu yaliyobadilisha hizo siku 28 na 56. Mikataba midogo ya halmashauri nayo ina maneno yake. Kwa hiyo usibebe tarehe zangu kama zilivyo. Omba kunakili ukurasa wa masharti ya malipo ya mkataba ule ule unaoutolea mzigo. Ila usitegemee huruma ya mhandisi, kwa sababu tangu mwaka 2017 Benki ya Dunia imeongeza nguvu za masharti ya mazingira, jamii, afya na usalama katika nyaraka zake za zabuni, ikiwa ni pamoja na dhamana ya utendaji kwa mambo hayo peke yake. Kilichotangulia ni kisa cha Uganda. Desemba 2015 Benki hiyo ilifuta fedha za mradi wa barabara baada ya malalamiko mazito ya wananchi wa njia ya Kamwenge kwenda Fort Portal, yakiwemo ya unyanyasaji wa wasichana. Fedha zilipofutwa, waliokuwa wakisubiri kulipwa hawakuwa mkandarasi peke yake.

MPANGO WA KWELI NA MPANGO WA KABATINI

Mpango wa kuzuia ajali ni rahisi kuunakili. Kuna wakandarasi ambao wamehamisha mpango mmoja kutoka kazi ya daraja kwenda kazi ya shule, kutoka shule kwenda bomba la maji, wakibadilisha jalada tu. Utaujua kwa dalili: mpango wa kulaza mabomba una kurasa nne za kufanya kazi kwenye ghorofa, na hauna hata mstari mmoja unaotaja udongo wa eneo lile.

Mpango wa kweli unaanza na kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Chukua mtaro wa bomba wenye kina cha mita 2. Huu ndio mtego wa kazi za maji. Mtu akiutazama haoni hatari, maana hakuna urefu wa kuanguka. Lakini mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Ukuta wa mtaro ukikatika, aliyefunikwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu avute pumzi, na wenzake wakikimbilia kumfukua kwa sururu huku ukuta wa pili ukining'inia, wanakuwa wawili, wakati mwingine watatu. Sheria ya Marekani inataka mtaro wenye kina cha futi 5, yaani mita 1.5 hivi, uwe na kinga isipokuwa kama umechimbwa wote kwenye mwamba mgumu. Kinga ni mojawapo ya tatu: kulaza kingo kwa mteremko, kuegemeza mbao na nguzo, au kushusha boksi la chuma.

Basi ukurasa wa mtaro katika mpango mzuri utasema hivi: udongo ni wa aina gani na nani ameupima, kingo zitalazwa kiasi gani, udongo uliochimbwa utawekwa umbali gani kutoka ukingoni ili usirudi ndani, ngazi zitakuwa wapi, nani, kwa jina, atakagua mtaro kila asubuhi na kila baada ya mvua, na ni kitu gani kikionekana watu watoke mara moja. Jina ni muhimu. Mpango unaosema "ukaguzi utafanyika" haujamtuma mtu. Mpango unaosema ofisa fulani atakagua saa moja asubuhi na kutia saini, huo una mwenyewe.

Wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao ndio wasimamizi wa majengo mengi ya Serikali ya nchi hiyo, wana kitabu cha usalama kiitwacho EM 385-1-1. Mkandarasi wao haanzi kazi kabla mpango wake wa kuzuia ajali haujakubaliwa, na kabla ya kila hatua mpya ya kazi anaandika uchambuzi wa hatari wa hatua ile: tunafanya nini, nini kinaweza kuumiza, tutakizuia vipi, kwa vifaa gani, na nani msimamizi mwenye ujuzi. Ni karatasi ya ukurasa mmoja au miwili. Inasomwa na wafanyakazi wenyewe kabla hawajashika chepe. Utaratibu huu hauhitaji fedha za Kimarekani. Unahitaji kalamu na robo saa ya asubuhi, na mkandarasi wa daraja la saba anaweza kuufuata sawasawa na yule wa daraja la kwanza.

DAFTARI

Tukija kwenye kumbukumbu, daftari la ajali lenye manufaa lina tarehe na saa, jina na kazi ya aliyeumia, alikuwa akifanya nini hasa, ameumia wapi, ametibiwa wapi, amekosa siku ngapi za kazi, na kitu gani kimebadilishwa baada ya hapo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza. Kama kuna ajali sita na safu ya mwisho imeandikwa "ameonywa kuwa makini" mara sita, basi hapo hakuna mpango wa usalama, kuna lawama tu. Mtu aliyeteleza kwenye ubao uliolowa ataonywa leo, na kesho ubao utamtelezesha mwingine.

Daftari zuri lina pia matukio ya nusura: tofali lililodondoka bila kumpata mtu, winchi iliyokatika kamba ikiwa tupu, gari la kokoto lililorudi nyuma likamkosa fundi. Mkandarasi anayeandika mambo hayo anajua nini kinakuja. Asiyeyaandika atayajua siku moja kupitia polisi.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kwa mkopeshaji. Ukiona ubao kwenye lango la saiti umeandikwa "Siku 400 bila ajali", usikimbilie kupongeza. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia kwamba vibarua wakiumia wanapewa nauli ya bodaboda na fedha ya dawa mfukoni, wanaambiwa wakapumzike nyumbani, na majina yao hayarudi tena kwenye orodha ya mahudhurio. Saiti yenye mafundi 80 wanaokata nondo, kupiga misumari na kubeba zege kwa mwaka mzima bila hata kidole kilichochanika ni saiti isiyoandika. Njia ya kupima ni rahisi. Omba kuona sanduku la huduma ya kwanza na stakabadhi za kulijaza. Kama bandeji na dawa ya vidonda zimenunuliwa mara tatu katika miezi minne na daftari la ajali ni jeupe, mojawapo ya karatasi hizo mbili inadanganya, na duka la dawa halina sababu ya kudanganya.

Mkandarasi anaficha kwa sababu gani? Mara nyingi si ukatili. Anaogopa kwamba akiandika ajali, zabuni ijayo ataikosa. Hofu hiyo ina msingi, maana nyaraka za zabuni nyingi siku hizi zinauliza rekodi ya usalama ya miaka iliyopita. Lakini kwa maoni ya ukurasa huu, ofisi ya Serikali inayomwadhibu aliyeandika na kumsifu aliyeacha karatasi nyeupe inajitengenezea wakandarasi waongo kwa mikono yake. Wamarekani wamejaribu kuziba tundu hilo kwa kuwafanya wafanyakazi wenyewe kuwa mashahidi: muhtasari wa mwaka wa majeruhi lazima ubandikwe mahali pa kazi kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Aprili, na kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Fundi aliyevunjika mguu Juni akipita Februari asikute ajali yake ubaoni, anajua na wenzake wanajua.

KUSOMA NAMBA

Ukipewa takwimu, usikubali idadi tupu. Ajali 4 za kampuni yenye watu 900 si sawa na ajali 4 za kampuni yenye watu 30. Kinacholinganishwa ni ajali kwa saa za kazi, na hapo kuna vipimo viwili vinavyozunguka sokoni. Wamarekani wanazidisha idadi ya majeruhi kwa 200,000 kisha wanagawa kwa saa zote zilizofanywa. 200,000 ni saa za watu 100 wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Kampuni nyingine nyingi, zikiwemo za saruji za kimataifa, zinatumia saa 1,000,000.

Mfano: mkandarasi ana watu 60, kila mmoja anafanya saa 200 kwa mwezi, kwa miezi 6. Hizo ni saa 72,000. Waliumia watu 2 wakakosa kazi. Kwa kipimo cha 200,000 kiwango chake ni 5.6. Kwa kipimo cha 1,000,000 ni 27.8. Ni mtu yule yule na ajali zile zile. Kwa hiyo mtu akikuambia "kiwango chetu ni 6 na cha mwenzetu ni 25", swali la kwanza ni kipimo gani, na la pili ni nani wanahesabiwa. Mafundi wa mkandarasi mdogo chini yake wamo? Vibarua wa siku wamo? Saa zikihesabiwa za wote na ajali zikihesabiwa za waajiriwa wa kudumu pekee, kiwango kinapendeza bila mtu yeyote kusema uongo wa moja kwa moja.

Aidha, kwa kampuni ndogo kiwango cha mwaka mmoja hakina uzito. Watu 12 wakifanya saa 2,400 kila mmoja wanafikisha saa 28,800. Ajali moja tu inawapandisha hadi karibu 7 kwa kipimo cha Kimarekani, na mwaka bila ajali unawashusha hadi sifuri. Kwa hao wasome kwa miaka mitatu, na usome zaidi daftari kuliko kiwango.

SHERIA ZA NYUMBANI

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wake, OSHA. Eneo la ujenzi ni mahali pa kazi na linatakiwa kusajiliwa. Mkaguzi akiona hatari anaweza kuzuia kazi, na hapo mkandarasi hapati muda wa nyongeza kwa kosa lake mwenyewe, wakati fidia ya ucheleweshaji kwa mwajiri inaendelea kuhesabiwa kila siku.

Kwa upande wa fidia, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara. Mwaka 2021 ikashushwa hadi 0.6 na mwaka 2022 hadi 0.5. Kwa mishahara ya Sh. 20,000,000/= kwa mwezi, mchango wa asilimia 0.5 ni Sh. 100,000/=. Kwa bei hiyo, gharama za matibabu na mafao ya aliyeumia zinabebwa na Mfuko badala ya kubebwa na fedha za mradi, ambazo ndizo fedha zako. Lakini mlango wa Mfuko unafunguliwa kwa karatasi. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na ni lazima ithibitike kwamba aliyeumia alikuwa kazini. Kibarua ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya mshahara wala kwenye daftari anathibitishwaje? Hapo ndipo familia inapokwenda kwa wakili, na wakili anapokwenda kwa mkandarasi.

Kwa wenye kupeleka mzigo ng'ambo ya Namanga na Taveta, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inasema hivi: ajali ikiua, ofisa wa usalama wa eneo ajulishwe ndani ya saa 24 na barua ifuate ndani ya siku 7. Ikimfanya mtu akose kazi zaidi ya siku 3, taarifa ya maandishi itolewe ndani ya siku 7. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kamati ya usalama. Kumbukumbu za vikao vya kamati hiyo ni karatasi nyingine unayoweza kuiomba, na inasema mengi, kwa sababu hapo mafundi ndio wanaoongea.

Sipendi kutaja vifo kwenye ukurasa wa soko, lakini hatuwezi kuzungumza habari hizi kama kwamba ni karatasi tu. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika mradi wa ubia na Shirika la Nyumba la Taifa, lilianguka na watu 36 wakapoteza maisha. Novemba 16, 2024, ghorofa la Kariakoo lenye maduka lilianguka na kuua watu zaidi ya 25, wengi wao wakiwa katika shughuli zao za biashara. Hilo la pili halikuwa kazi ya Serikali, na sababu za majengo kuanguka ni pana kuliko daftari la ajali. Nayataja kwa sababu baada ya siku kama hiyo maswali yanayoulizwa ni yale yale: nani alikagua, lini, na ameandika wapi.

KWA MWENYE FEDHA NDOGO

Wapo wasomaji wasiouza nondo. Wameweka akiba zao kwa mkandarasi kama wabia wa kimya, wakiahidiwa sehemu ya faida hati ikitoka. Hao wako hatarini kuliko muuza nondo, maana yeye ana hati ya kupokelea mzigo na wao wana ahadi. Kabla ya kutoa fedha, ombeni ripoti tatu za mwezi zilizopita jinsi zilivyopokelewa na mhandisi, zenye mhuri wa kupokelewa, na msome ukurasa wa usalama. Kisha nendeni saiti bila kutoa taarifa, ikiwezekana saa moja na nusu asubuhi, muone kama kuna anayezungumza na mafundi kabla ya kazi au kama kila mtu anaokota chepe lake kimya kimya. Muulizeni fundi yeyote ofisa wa usalama ni nani. Akitaja jina, vema. Akikuonyesha kofia ngumu zilizotundikwa ofisini kwa ajili ya wageni, mmepata jibu pia.

Wenye hisa za saruji katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, Tanga Cement iliyoorodheshwa mwaka 2002 na Twiga mwaka 2006, wako mbali zaidi na hatari hii, kwa kuwa kampuni hizo zina wateja wengi. Wao wasome takwimu za usalama katika taarifa za mwaka kwa jicho lile lile: kipimo gani, nani wamehesabiwa, na je, madereva wa malori ya mawakala wamo au hawamo.

Tukirudi kwa muuza nondo, ushauri wa mwisho ni wa kalamu. Katika makubaliano yako ya mkopo ongeza mistari miwili. Wa kwanza, mkandarasi atakupa nakala ya barua ya kuwasilisha madai ya kila mwezi pamoja na ripoti ya maendeleo, siku ile ile anapoyapeleka kwa mhandisi. Wa pili, atakujulisha ndani ya siku 2 iwapo mhandisi atayarudisha, na kwa sababu gani. Mkandarasi mwenye mambo yaliyonyooka atasaini bila ubishi, kwani barua hizo anazo. Anayekataa, mpunguzie mzigo uwe wa lori moja badala ya matatu, na siku za mkopo ziwe 14.